Nililipitisha Duka la Vipodozi Nikiwa Nanukia Losheni Yake

Kosa ni langu, nalisema bila kumsingizia mtu. Mwenye duka alinidanganya, sawa, lakini mimi nilikuwa nimeshajidanganya tangu mlangoni.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu, nafundisha sayansi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa. Wa umri wangu mnakumbuka tulikotoka: sabuni ya kugawiwa kipande, na mwilini tunajipaka mawese ya Kyela mpaka unaingia darasani unanukia kama jiko. Halafu ghafla bidhaa zikaruhusiwa! Losheni za pinki, poda, marashi, vitu vimemwagwa kando ya barabara kama viazi vya Isongole. Jamani, tulichanganyikiwa!

Umoja wetu wa akina mama wa kanisani ulikuwa umejenga chumba cha biashara pale Ibighi. Mtu wa kwanza kukiomba alikuwa muuza vipodozi mmoja, mgeni, mwenye duka dogo upande mwingine wa mji. Sisi tulimwita Bwana Marashi.

Mwenyekiti wetu, Mama Ambakisye, hakumkubali hivihivi. Alikuwa amesikia kuna sabuni za kujichubua zinazounguza watu. Tena mtaro wa chumba chetu unateremka mpaka kwenye chemchemi tunakochota maji. Akataka mtu aende kwenye duka la yule bwana akatazame mambo matatu: anauza nini, taka zake anazitupa wapi, na yule msichana aliyemwajiri anamtunzaje.

Wakanichagua mimi, kwa sababu niliweza kusoma Kiingereza cha kwenye maboksi. Nikaondoka na daftari na kalamu mbili, nimevimba kama mkaguzi kutoka wizarani.

Sikufika hata kwenye swali la kwanza. Bwana Marashi alinivutia kiti, akaomba mkono wangu kwa adabu zote, akaupaka losheni. Akasema ngozi kama yangu haikuumbwa kuteseka na mawese. Nilicheka kama msichana wa darasa la saba! Nikanusa mkono, nikanusa tena. Akaupaka na wa pili usione wivu.

Baadaye nikakumbuka kazi, nikachukua sabuni moja nikasoma boksi lake. Neno lilikuwepo, dogo lakini wazi: zebaki. Zebaki ileile niliyowafundisha watoto kwamba kipimajoto kikivunjika wasiiguse. Unajua nilifanya nini? Niligeuza boksi. Upande wa pili kulikuwa na picha ya mwanamke anacheka, nami nikacheka naye.

Msichana wa dukani aliitwa Tumpe, binti wa Kawetele, kama miaka ishirini hivi. Alikuwa amevaa soksi mikononi. Nikamwuliza ni za nini. Kabla hajafungua mdomo, tajiri wake akajibu kuwa ni baridi. Sasa Tukuyu baridi ipo, nani atabisha? Nikaandika: "Mfanyakazi hupewa vifaa vya kujikinga na baridi." Nikaona nimeandika jambo la maana kabisa.

Mlango wa uani ulikuwa umefungwa. Akasema kuna mbwa mkali. Mbwa mwenyewe hakubweka hata mara moja. Nikaandika kwamba taka zinashughulikiwa vizuri, nikatoka na mfuko wa krimu, losheni na sabuni, miguu haigusi ardhi.

Ripoti niliisoma mbele ya akina mama kwa sauti ya redioni. Walipiga makofi. Mama Ambakisye peke yake ndiye aliyeuliza kama uani nimeuona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo. Neno moja tu, na linanichoma mpaka leo.

Akanishukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo, Mwalimu," na Bwana Marashi akahamia.

Sitakudanganya, majuma yaliyofuata nilikuwa juu mawinguni. Nilipita sokoni mvua inanyesha, mwavuli nimeukunja, ili mtu yeyote asikose kuniona. Uso ulikuwa unatakata, shingo imebaki kijijini. Mume wangu aliniuliza kwa upole kama naumwa. Wanafunzi wakaanza kuniita Mwalimu Wawili, nami nikadhani wanasifia kwamba nafundisha kwa nguvu za watu wawili!

Hata chemchemi ikaanza kunukia waridi. Povu likawa linaelea, akina mama wanataniana kwamba siku hizi chai yao ni ya kizungu. Waliponiuliza, mtaalamu wao, nikasema ni maua ya porini. Yaani nilisema hivyo bila hata kukohoa.

Kisha kiangazi kikaingia, jua likatoka kweli kweli. Siku ya tatu uso wangu uliwaka moto, ukababuka kama kiazi kilichochemshwa. Nikajifungia ndani, nimejifunika kanga. Mchana huo Tumpe akaja nyumbani. Nilidhani amekuja kunipa pole.

Aliketi, akavua soksi. Kucha tatu hazikuwepo. Viganja vilikuwa vyekundu, ngozi imechubuka mpaka katikati ya vidole. Akanieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikoroga krimu na sabuni ile kwenye ndoo kule uani, kwa mikono mitupu, na maji ya kusuuzia anaamriwa amwage mtaroni. Alipoomba glavu aliambiwa kama hawezi kazi aondoke.

"Siku ile nilisubiri uniulize mara ya pili, Mwalimu," alisema. "Ungeuliza, ningesema."

Nikamshika kiwiko, maana mkono haukushikika, tukaenda hospitali. Daktari alituangalia wote wawili, akauliza kama tunatoka nyumba moja.

Kikao kilichofuata nilisimama, nikatoa kanga usoni, nikasoma ripoti ya pili. Ya kweli. Nilipofika kwenye "vifaa vya kujikinga na baridi," mama mmoja alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Ukumbi mzima ukafuata, na mimi pia, nilicheka huku uso unauma! Halafu Tumpe akainua mikono yake. Kicheko kikakatika.

Juma hilohilo Bwana Marashi alitolewa. Alipakia maboksi yake akaenda mji mwingine, na sijui huko alimpaka nani losheni. Akina mama walishuka bondeni kuchota maji kwa miezi, ndoo kichwani, utelezi chini, kwa sababu ya neno langu moja. Ngozi yangu ilirudi, madoa mawili yakabaki. Kucha za Tumpe ziliota, lakini vidole viwili havisikii moto, na kazi ya kuchuma chai ilimshinda. Bado hunisalimia shikamoo. Afadhali angenipita.

Mama Ambakisye hakunigombeza. Aliniambia tu, "Tulikutuma macho, mwanangu, ukatuletea pua." Tangu hapo barua ya Kiingereza ikija kwenye umoja, hupelekwa kwa mtu mwingine asome, nami nimekaa palepale.

Wewe unayetumwa na wenzako kukagua duka, kiwanda au chochote, nakuomba: usisome upande wenye picha ukaacha upande wenye maneno. Uani ingia, hata ukiambiwa kuna simba. Aliyeajiriwa ajibu mwenyewe. Na ukiona umeanza kunukia vizuri kabla hujaandika ripoti, weka kalamu chini ukaoge.