Kiwanja Chetu, Mkorosho wa Watu

Baba yangu ni fundi cherehani. Mteja akileta kitambaa cha suruali, baba anampima kiuno, anamwambia aache kuvuta tumbo, anampima tena. Kwa hiyo sina maelezo ya kitaalamu kuhusu namna mtu huyohuyo alivyonunua kiwanja pembezoni mwa Nachingwea kwa kukitazama mara moja tu, mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, amesimama chini ya mwavuli.

Kiwanja chenyewe nisikisingizie. Kiko juu kidogo, maji hayatuami, na bodaboda inafika mpaka mlangoni, ingawa wakati huo mlango haukuwepo. Kilikuwa na mkorosho mmoja, mnene, matawi yameinama mpaka chini kama mtu aliyeangusha sindano. Mwenye kuuza alikuwa amekirithi kwa mjomba wake, naye mwenyewe alishahamia Ruangwa. Alizungusha mkono hewani akasema, "Chote hiki chako, kaka." Baba akasaini. Karatasi ilitaja ardhi, hatua zake na majirani wa pande nne. Mti haikuutaja, na baba hakuuliza. Yeye kazaliwa mjini. Kwake mti ukiota kwenye ardhi ni wa ardhi, kama nywele na kichwa.

Mama amekulia Likunja, kwenye mikorosho mitupu. Siku alipopelekwa kuona kiwanja, aliutazama ule mti, akamtazama baba, akanyamaza. Baadaye kila mtu alimuuliza kwa nini alinyamaza. Alijibu kwamba kwao hakuna mtu mzima anayenunua ardhi bila kuuliza mti ni wa nani, na hakutaka kumfundisha mumewe kitu ambacho mtoto wa darasa la pili anakijua. Mimi niliona ni heshima iliyopitiliza.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka mimi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Kimoja cha wazazi, kingine changu na wadogo zangu wawili wa kiume. Mmoja anaota kwa sauti, na ndoto zake zote ni za mpira. Mwingine ana tatizo la usiku ambalo amenikataza kuliandika, basi niseme tu kwamba godoro letu lilikuwa linaanikwa kuliko nguo. Nilikuwa kidato cha pili. Baba alichora ramani ya nyumba kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza yake ya kazi: sebule, chumba cha wazazi, chumba cha wavulana, na pembeni kabisa chumba changu, futi kumi kwa kumi. Aliandika "binti" katikati yake. Kwa wiki mbili alikata suruali za watu juu ya chumba changu.

Msingi ulianza mwezi wa sita, kiangazi. Fundi alipiga kamba, na kamba ikaonyesha jambo ambalo chaki haikulionyesha: mkorosho ulisimama katikati ya neno "binti". Fundi hakushtuka. Alijenga upande mwingine wote mpaka usawa wa madirisha, akaacha pembe yangu wazi.

"Mzee, Jumatatu naleta msumeno," alimwambia baba. "Mti huu saa mbili tu umelala."

Jumamosi yake, nikiwa nimeketi juu ya tofali nasimamia ujenzi kwa macho, akaja bibi mmoja amejifunga khanga mbili. Nyuma yake alikuwa na kijana aliyebeba mgongoni mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga wa njano inayopigwa kwenye maua ya mkorosho. Nilimwamkia. Akaitikia, akaizunguka nyumba, akaingia mahali patakapokuwa sebule, akatokea kwenye pembe yangu iliyoachwa wazi.

"Mmejenga vizuri," alisema. "Sasa mjukuu wangu, toa hayo mashati ya mafundi kwenye kamba, tunapiga dawa."

"Dawa ya nini, bibi?"

"Ya mkorosho wangu."

Niliita baba. Baba akaja na futi kamba shingoni, akasikiliza, akacheka kidogo kwa adabu, kama anavyowacheka wateja wanaosema hawajanenepa. Akaeleza kwamba amenunua. Bibi akauliza amenunua nini. Baba akasema kiwanja. Bibi akasema hongera, na kijana akawasha mashine.

Mashine ile inapiga kelele na salfa inaruka. Ilipozimwa, mti ulikuwa umepata dawa, kuta zetu zimepata dawa, na baba alikuwa na kope za njano. Fundi alikuwa wa kwanza kuongea.

"Mzee, kwani mti hukuuliza?"

"Kwani mti unaulizwa?"

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Kwa ambao hamjakaa huku, mambo yako hivi. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mikorosho iliyo juu yake ikawa ya mtu mwingine. Yule mjomba, enzi za uhai wake, alimpa bibi ruhusa ya kupanda. Bibi akapanda, akapalilia, akapulizia, akavuna miaka mingi kuliko umri wa mama. Mjomba alipofariki, ardhi ikaenda kwa mpwa wake, mti ukabaki kwa bibi. Mtaa mzima ulijua. Tatizo ni kwamba baba alinunua masika, wakati mkorosho hauna ua wala korosho, na mwenye mti hana haja ya kuja. Angenunua msimu wa kuokota, angemkuta bibi pale chini ameinama, na angelazimika kumsalimu.

Tulikaa kwa mjumbe Jumapili. Muuzaji alipigiwa simu Ruangwa, ikawekwa sauti kubwa, na sote tukamsikia akisema, bila aibu wala haraka, "Kaka, mimi nimekuuzia ardhi. Mti ningeuuzaje, kwani ni wangu?"

"Ulisema chote."

"Chote changu."

Mjumbe akakata simu kwa sababu salio lilikuwa lake.

Baba akaomba anunue mti aukate. Bibi akakataa. Hakukasirika, alikataa tu, kama mtu anayekataa sukari ya pili. Alisema ana mikorosho sita, mitano iko Mnero, na kwa magoti yake Mnero ni safari. Huu wa hapa anaufikia kwa miguu. Baba akasema atampandia miche mitatu popote atakapo. Bibi akamuuliza mche unaanza kuzaa vizuri baada ya muda gani. Baba hakujua. Mama ndiye aliyejibu, taratibu, akitazama sakafu. Bibi akasema, "Umesikia. Mimi muda huo nitauomba kwa nani?"

Niliona kesi inaelekea wapi. Nikajikohoza nikasema kwamba naomba kuchangia, kwa kuwa chumba ni changu. Mama alinifinya. Mjumbe akasema niachwe.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu elimu ya mtoto wa kike, umuhimu wa mahali tulivu pa kusomea, na taifa la kesho. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa makini kabisa, kisha akaniuliza swali moja.

"Unalala chali au ubavu?"

"Ubavu," nilisema, kabla sijafikiri.

"Basi hakihitaji kuwa kikubwa."

Mjumbe alicheka mpaka akavua kofia. Hata baba alicheka, na mimi nikaona wazi kwamba kesi yangu imeisha na nimeimaliza mwenyewe. Wakakubaliana mti ubaki, bibi aingie uani msimu wa kuokota na wa kupulizia, naye atoe taarifa siku moja kabla ya salfa, mama aanue nguo.

Baba alirudi kiwanjani akaipunguza nyumba kama suruali. Aliichukua pale kwenye mti akaileta ndani. Fundi akauliza apunguze kwa futi ngapi. Baba akapima kutoka kwenye shina, akapima tena, akapima mara ya tatu. Umakini aliokosa mwezi wa tatu ulimpata wote siku ile, na wote ulinishukia mimi. Chumba changu kilitoka futi kumi kwa futi tano na nusu. Mlango ungefunguka kwa ndani ungegonga kitanda, kwa hiyo unafunguka kwa nje. Kabati halikuingia. Nguo zangu zinaning'inia kwenye misumari, na nikitaka kugeuka natangaza kwanza.

Tulihamia mwezi wa kumi. Nilijiambia kwamba angalau Jumamosi nitalala mpaka jua lipande. Sikuwa nimeuhesabia msimu. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaangukia bati bila ratiba, na bibi anaokota korosho zake mapema kabla ng'ombe wa watu hawajapita. Dirisha langu liko mkono mmoja kutoka kwenye ndoo yake. Ananisalimu kwa kuniuliza kama nimekufa. Namjibu bado, bibi, shikamoo. Wakati mwingine natoka kumwokotea zile zilizoviringika nyuma ya choo, maana magoti yake ni kweli.

Mwezi uliopita mteja wa baba, mwalimu anayehamia Ruangwa, alikuja nyumbani kuchukua suruali. Alitaka kujua ukianza kujenga uangalie nini. Baba akamweleza kila kitu kwa mamlaka makubwa: usinunue masika, subiri msimu wa korosho ukashinde pale kiwanjani, uone nani anakuja na ndoo, uliza ardhi, kisha uliza kila mti, na kama mkeo amekulia shambani, mpeleke yeye kwanza, na akinyamaza muulize ananyamazia nini. Alisema yote haya kana kwamba amezaliwa nayo. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Na hapa mmepata vyumba vingapi?" mwalimu akauliza.

"Vitatu," baba akasema.

"Viwili na nusu," mama akasema.

Wadogo zangu wakaunga mkono nusu, kwa sauti. Mwalimu akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa hicho chenye utata.

Nilimwambia ni vitatu. Kisha nikaingia ndani, nikavuta mlango, nikafunga kwa komeo, na wale wadogo wawili wakabaki nje wakigonga.