Antena iliyotazama dirisha langu

Jirani yangu hapa Newala alifungiwa na fundi kifaa cha kuongeza mtandao nyumbani mwake, ili apate simu za bintiye aliyelazwa hospitali ya Ndanda. Antena yake juu ya bati ilitazama dirisha langu. Nikashuku inanasa maneno yetu. Alipokwenda shamba, nikaigeuza.

Jioni kisanduku cha kifaa kikawaka taa nyekundu, mtandao ukakatika. Mama huyo jirani akamwita fundi, akamshika shati.

"Umeniuzia bandia! Mwanangu atanipataje?"

Fundi akapanda juu ya bati, akairekebisha antena.

"Mama, antena iliupa mnara wa simu mgongo. Nani kaigusa?"

"Labda kunguru," mama akasema, akanigeukia mimi niliyekuja kutazama. "Au siyo, jirani?"

"Kunguru hao," nikaitikia, tasbihi mkononi.

Simu ikaita, binti anaendelea vizuri. Mama akamwomba fundi radhi. Mimi niliyestahili kuomba nilisimama pembeni, nikisifu ufundi.