Nyayo Ishirini na Nne

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, nikiwa darasa la sita. Saa naikumbuka kwa sababu kengele ya mapumziko ilikuwa inagongwa saa nne na nusu, na nilikuwa naiombea igongwe upesi. Mwalimu wa hisabati alinisimamisha ubaoni nitafute KDS ya 6 na 8, yaani kigawe kidogo cha shirika: namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili. Nikaandika 48. Nilizidisha tu, basi.

"48 ni kigawe chao kweli," akasema, "lakini siyo kidogo. Kuna nyingine inatangulia. Ipi?"

Mimi nikitazamwa na watu wengi sauti inakauka. Sasa hivi niko kidato cha tatu na bado iko hivyo hivyo.

"Mwalimu, muache huyo, ameisha chaji!" akadakia msichana wa dawati la mbele. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema kesho asubuhi nirudi ubaoni na jibu, nieleze kwa mdomo wangu limetoka wapi. Kwa mdomo! Hapo hapo nikaanza kupanga kuumwa.

Nilipotoka shule nikapitia shambani kwa bibi, Unyambwa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Shika mbegu, jua linatukimbia."

Ile kamba yake ya katani naiona mpaka leo. Aliitandaza pembeni mwa alizeti. Kila nyayo zake sita alikuwa amepiga fundo, hapo shimo la mbaazi. Kila nyayo nane alikuwa amefunga kipande cha kanga kuukuu, hapo shimo la boga. Fundo na kitambaa vikiangukia pamoja, mbaazi unairuka, unaweka boga peke yake.

Nikaanza na mbaazi, fundo kwa fundo, halafu nikarudi mwanzo na maboga. Sikuangalia, maana kichwani vilikuwa vinakutana arobaini na nane, mbali kule. Bibi akawa anafukia nyuma yangu. Akasimama kwenye shimo moja lenye mbaazi na boga.

"We mtoto, mbona hawa umewalaza kitanda kimoja?"

"Bado bibi. Wanakutana arobaini na nane."

"Nani kakwambia? Haya, hesabu."

Nyayo zangu zilikuwa ndogo, kwa hiyo alitembea yeye, kisigino kikigusa kidole, mimi nikahesabu.

"Paza, sikusikii!"

Nikapaza. Sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne: fundo la nne. Akarudi mwanzo. Nane, kumi na sita, ishirini na nne: kitambaa cha tatu. Shimo ni lile lile. Bibi, ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati, alikuwa analijua siku zote. Akaniambia nitoe mbaazi.

Siku hizi bibi anaishi kwetu Mandewa, magoti hayamruhusu tena kulima. Kamba tunaanikia nguo, na mafundo bado yapo. Shuleni sasa KDS inaitwa LCM, naipata bila hata kufikiri. Lakini naona kama nilikuwa naipata vizuri zaidi nikiwa na matope miguuni, bibi ananiambia paza.

Alhamisi ile asubuhi, kesho yake ya shambani, sikuumwa. Mwalimu aliponiita nikaenda ubaoni, nikaandika 24, nikageuka nieleze. Sauti haikuja. Yule wa dawati la mbele akaanza kutabasamu. Basi nikavua viatu, nikachukua chaki, nikaenda mlangoni. Nikatembea kisigino kwa kidole kwenye sakafu, nahesabu: kila sita naweka mstari, kila nane naweka duara. Kwenye kumi na mbili nilikuwa najisikia mwenyewe. Kwenye kumi na nane walikuwa wananisikia wote. Ishirini na nne iliangukia mbele ya dawati lake. Nikainama, nikachora mstari, nikauzungushia duara, nikarudi kuvaa viatu.