Naftaly, Mjuzi wa Mnyonya Damu

Kule Ndabibi, ukitaka kujua yule mnyonya damu wa kwenye televisheni atamng'ata nani Jumapili ijayo, ulimuuliza mzee Naftaly. Hata mchungaji, aliyekuwa amehubiri dhidi ya mchezo wenyewe, alimuuliza nyuma ya kanisa. Naftaly alikijua kitabu ambamo mchezo huo ulitolewa. Usicheke. Shule aliachia darasa la nne, na Kiingereza chake kilikuwa kinaishia getini, lakini marehemu mkewe, Jepkoech, alipewa kitabu hicho na mzungu mmoja ambaye mama huyo alikuwa akimfulia nguo. Kila jioni baada ya kukamua alimsomea mumewe, akikigeuza Kiswahili. Waliachia pale msichana amelala, dirisha liko wazi. Wiki hiyo Jepkoech akalazwa Naivasha, na hakurudi. Kwamba hajui mwisho, Naftaly hakumwambia mtu.

Basi mchezo ulipoanza kuonyeshwa, Jumapili saa tisa alasiri, majirani walijaa kwake. Sebule ile ilikuwa imemaliza miaka mitatu bila kikombe cha pili kutoka kabatini.

"Sasa ataingia na taa," Naftaly anasema. Na kweli, huyo, ameingia na taa.

"Mzee, kwani ni wewe uliandika hii kitabu?" jirani yake Kimutai anamtania.

"Kuandika waliandika wao. Mimi niliwasahihishia."

Wanacheka mpaka chai inamwagika. Waliotengeneza mchezo hawakuruka kitu. Yote aliyosoma Jepkoech yalikuwepo, hadi rangi ya koti. Safari moja Naftaly aligeukia kile kiti cha dirishani alichokalia Jepkoech akimsomea, aseme, "Si nilikwambia?" Akakuta amekikalia Winrose, mke wa Kimutai.

Jumapili ya tano ikaishia msichana amelala, dirisha wazi.

"Haya mzee, atapona?" Winrose akauliza.

Naftaly akajimiminia chai. "Nikiwaambia nitawaharibia utamu."

Jumamosi akamwita Kimutai. "Chukua hii TV ukae nayo. Macho yananiuma."

Uongo mtupu! Macho yale yalihesabu pundamilia ng'ambo ya bonde. Ila kuupita ukurasa ule bila aliyekuwa akiufungua kulimshinda. Akajipangia: wao watazame, kisha mmoja wao atakuja kumsimulia, jioni, polepole, kama zamani.

Jumapili ikafika. Kutoka upande wa pili wa ua alimsikia Winrose akipiga yowe, kisha kicheko cha watu wengi. Alichemsha chai ya kuwatosha. Hakuja mtu.

Asubuhi alimvizia Kimutai akipeleka maziwa kwa pikipiki.

"Ilikuwaje jana?"

"Aah, mzee! Unanipima? Si wewe ndiye unajua yote?"

Naftaly akacheka, kicheko kikubwa kuliko kifua chake. "Nilikuwa nakupima tu. Enda, maziwa yasiharibike."

Akafunga geti polepole.