Mstari Mrefu wa Penina Kaaya

Ugomvi wa Penina Kaaya wa Tengeru na mistari mirefu haukuanzia kwenye kompyuta. Kwa miaka kumi na minne alikuwa karani wa usharika, akichapa matangazo ya Jumapili. Mzee aliyeyasoma kanisani macho yake yalikuwa yamechoka. Mstari ukirefuka alipotea njia, akamtangaza bwana harusi yuleyule mara mbili. Penina akaanza kukata kila mstari kwenye herufi sitini, na maharusi wakatulia.

Siku hizi anakata mistari ya wengine. Ipo programu ya bure ya simu kwa ajili ya maafisa mifugo, inayotengenezwa na watu saba wa kujitolea, na yeye ndiye mtunza mwongozo wake. Mwongozo ni maandishi matupu, hauna rangi wala picha, ili ufunguke hata kwenye simu iliyochoka. Kila anachoandika mtu lazima kipitie kwake. Ukiweka nafasi mbili baada ya nukta, anakurudishia. Ukisahau alama ya kichwa cha habari, anakurudishia. Wenzake wanamwita Mama Rula, naye anajua na hana habari nao.

Aliyerudishiwa kuliko wote ni Simel, afisa mifugo wa magharibi ya Meru, ambaye huandika akiwa amesimama zizini. Kati yao saba, ndiye pekee anayeshika mbuzi. Mwezi Machi alileta ukurasa wa dawa ya minyoo. Penina aliurudisha mara tatu. Mara ya nne akachoka, akaunyoosha mwenyewe na kuupitisha kwa jina la Simel.

Wiki mbili baadaye Simel akaandika kwenye kundi lao la simu: "Shikamoo Mama Penina. Ukurasa wangu unasema mbuzi mkubwa apewe mililita 1, wakati ni 10. Wenzangu wawili wameufuata na minyoo haijatoka. Nitakuwa nilikosea kuandika, mnisamehe. Naona bora niache, nibaki na mbuzi wangu."

Penina akaitafuta rasimu ya Simel. Ilisema 10, na nukta baada yake. Ni mkato wake yeye ulioisukuma ile "10." hadi mwanzo wa mstari, programu inayoyapanga maandishi ya mwongozo ikakuta namba na nukta, ikadhani ni orodha, ikaanza kuhesabu upya kutoka 1, na 10 ikawa 1. Alipata aibu iliyomchoma hadi masikioni. Angeweza kurekebisha kimyakimya na hakuna ambaye angeuliza, kwa kuwa mkosaji alishajitaja mwenyewe. Lakini Simel akiondoka, ungebaki mwongozo ulionyooka usio na mtu anayejua mbuzi.

Chai ilipoa mezani. Kisha akaandika juu kabisa ya ukurasa, bila kukata popote: "Mbuzi mkubwa apewe mililita 10, na ile 1 ya mwanzo lilikuwa kosa la Penina Kaaya aliyeukata mstari vibaya, wala si la Simel, ambaye aliandika sawa tangu siku ya kwanza."

Jibu la Simel lilikuja jioni. "Mama, mstari wako umezidi."

"Nimeuona," akaandika Penina. "Usiuguse. Na ukurasa wa chanjo nautaka Ijumaa, nafasi moja baada ya nukta."