Ukuta Nyuma ya Plaiwudi

Mume wangu alipigilia plaiwudi sebuleni mwaka tuliooana, ili wageni wasione ukuta wa udongo. Miezi sita baada ya mazishi yake mchwa walikuwa wameila kutoka chini, na kila asubuhi nilifagia unga wake. Kaburini sikulia, na unga ule nao haukuniliza. Nilifagia tu.

Kwa wakwe zangu, nje kidogo ya Rongo, nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka mwanamume wa ukoo amrithi. Shemeji yangu alikuja kunikumbusha hilo, akaketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Nyar Kuria," aliniambia, yaani binti wa Kuria, "nyumba haiguswi bila mwenyewe. Ukiigusa, umejifukuza. Utarudi kwenu Kegonga."

Mwenyewe, kwa hesabu yake, alikuwa yeye. Sikumtaka. Siku zile hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika nalo.

Jumamosi, siku yao ya Sabato, boma zima likiwa kanisani, nilichukua nyundo. Misumari ilitoka bila ubishi. Nyuma ya plaiwudi udongo ulikuwa umepasuka, lakini alama za vidole bado zilionekana, mistari minne minne iliyopinda. Nikakwangua palipolegea, nikanyunyiza maji, nikachanganya udongo wa kichuguu na mchanga, nikaanza kukandika kwa mkono.

Mama mkwe alinikuta nimefika katikati. Nilijua yamekwisha, na hata hilo halikunishtua.

"Hiyo mikono ni yangu," alisema, akionyesha ile mistari. "Mimi ndio nilikandika hii nyumba. Kijana yangu akaona aibu, akafunika." Akavua viatu vyake vya kanisani. "Paa ni ya wanaume. Ukuta ni ya wanawake, tangu huyo shemeji yako hajazaliwa. Ongeza maji, yako imekauka."

Tulikandika mpaka jioni, shemeji alipotokea mlangoni.

"Nani amegusa hii nyumba?"

"Ni mimi," mama yake alisema. "Unanifukuza unipeleke wapi?"

Shemeji aliitazama mikono yangu, udongo hadi kwenye viwiko, kisha akaitazama ya mama yake. Akaondoka bila kuketi.

Nilidhani sasa nitalia. Sikulia. Mama mkwe alinionyesha kipande kilichobaki kando ya mlango, nikakijaza.

"Hapo usilainishe," alisema. "Acha vidole zako."