Kiti Kisicho na Mtu

Wake za madereva wa malori ya njia ya Butembo tulikuwa na desturi yetu. Mume akiondoka, unafua nguo zake zote, unabakiza shati moja chafu. Asiporudi, angalau una jasho lake. Waasi walibadilisha majina kila mara, lakini vizuizi vyao vilibaki vilevile, na wa kwanza kupigwa risasi alikuwa yule aliyeshika usukani.

Mume wangu alikuwa na dawa yake ya woga: kigari cha kuchezea kinachoongozwa kwa mbali kwa telekomande, alicholetewa na mfanyabiashara mmoja kutoka Dubai. Mtu mzima mwenye ndevu anachuchumaa uani, ulimi nje, anafukuza kuku wangu kwa kigari. Nilimwambia wazi kwamba ananitia aibu mbele ya majirani wote wa Majengo.

"Weye ucheke tu, mama," alisema. "Siku moya shofere ataikala ku nyumba na chai yake, kamio itaenda Butembo yeye peke. Wezi wakitokea, watapiga masasi mu kiti yenye haina mutu."

"Na pine ikipasuka, ni kiti ndiyo itashuka kuibadilisha?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Volkano ilipolipuka tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mimi na mtoto mgongoni na godoro kichwani, yeye na sufuria mikononi na kigari ndani ya koti. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa chini ya mawe meusi ambayo bado yalichoma nyayo. Majirani walishika nyundo wasawazishe mahali pa kujenga, naye akashika yake. Nilimpikia, nikamsifu, mpaka nilipoona anachosawazisha. Ilikuwa njia ya kigari, na kona zake na milima yake, na aliniambia ni njia ya Butembo. Tulilala chini ya turubai msimu mzima wa mvua kwa ajili ya barabara isiyofika popote. Nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Baadaye nyumba ilijengwa, na madereva wenzake wakawa wanakuja na vigari vyao baada ya swala ya Ijumaa, wakishindana na kubishana juu ya malori ya kesho. Miaka ikapita hivyo. Yeye alirudi salama kila safari, na mtoto niliyembeba mgongoni akakua, akajifunza njia ya Butembo akiwa ndani ya lori, kando ya baba yake.

Vita vya juzi vilikuja na droni. Sisi wote tulilala chini kwenye korido, lakini mume wangu aliinuka akatega sikio.

"Musikie mota ile," alisema. "Kuko mutu ameikala mbali, anaiongoza. Si niliwaambia?"

"Papa, rudia ndani," kijana wetu alimsihi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alitoka uani na kandambili zake, uso juu, akitabasamu kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja maisha yake yote. Kipande cha chuma kilimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Wenzake walikuja kumpa pole. Walileta sukari na sabuni, wakamsomea dua, kisha mmoja wao akauliza kama kigari kinauzwa. Swali halikuwa baya, maana telekomande inataka mikono miwili. Usukani wa lori nao unataka miwili. Mwenye lori hakungoja kidonda kikauke. Alituma mtu kuuliza kama hapa nyumbani hakuna mwingine anayeijua njia, na kijana wetu akajibu kabla yangu.

Kwa hiyo aliyotabiri mume wangu yametimia. Dereva amekaa nyumbani, kikombe cha chai mkononi, na lori limeondoka alfajiri kwenda Butembo bila yeye.

"Bado kidogo tu, mama," aliniambia asubuhi hii, bila hata kunitazama. "Ku ile kiti hakutakuwa mutu."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Nilikuwa nafua nguo za mwanangu, zote isipokuwa shati moja.